Kisu Kisagwe Lini: Kabla ya Kugumishwa au Baada Yake?

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wajumbe na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za mbolea na za maghala, nasi hatuna haja ya kuyarudia hayo. Tumeagizwa tuseme juu ya jambo lililo dogo kwa umbo, lakini ambalo limezusha maneno mengi katika mikutano ya vyama vya msingi. Jambo lenyewe ni kisu. Mwaka huu Bodi itatakiwa kuamua kama Chama kiendelee kununua visu vya kupogolea kwa wahunzi wa vijiji vyetu, ama kiwaache na kuagiza visu vya dukani. Kabla ya uamuzi huo yapasa kila mjumbe afahamu chanzo cha ugomvi.

Wanachama hulalamika kwamba kisu kipya hukata vema kwa siku mbili tatu, kisha makali hulala yasiamke tena. Wengine husema kisu chao kilimeguka ukingoni siku ya kwanza tu. Wahunzi nao hujibu: Sisi twawapa kisu kizima, ninyi ndio mnaokwenda kukiua kwenye mashine za kunolea. Na hata wahunzi wenyewe hawapatani. Wako wasemao kwamba kisu husagwa chote kingali laini, na baada ya kugumishwa hakiguswi. Wako pia washikao kwamba kusaga kabla ya kugumisha ni kupoteza kazi, maana moto hukiharibu kisu kilichokwisha pata makali. Twataka kuonyesha leo kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli, na kwamba hasara yetu imetoka katika ile nusu iliyosahauliwa.

Pengine mgeni atashangaa kwa nini kisu kishughulishe Chama Kikuu. Katika Mikoa ya Mbeya na Iringa, pamoja na Njombe iliyotengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe iliyotengwa na Mbeya mwaka 2016, mazao yetu mengi hupita chini ya kisu. Chai ya Mufindi na ya Rungwe hupogolewa kila baada ya miaka michache. Kahawa ya Mbozi na ya Rungwe hupunguzwa matawi baada ya mavuno. Tawi likikatwa kwa kisu kikali, kidonda huwa safi na mti hukifunika upesi. Likikatwa kwa kisu butu, huchanika, maji hutuama katika kidonda, na kuoza huingia. Nao wagema ulanzi wa Iringa wanajua zaidi yetu sote. Mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga kipande chembamba sana, asubuhi na jioni, msimu mzima wa mvua, ili utomvu udondoke ndani ya mbeta. Kisu butu huiponda ncha ile, na utomvu hukoma. Husemwa kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini mgema mwenye kisu butu hana hata hilo tembo la kutia maji.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Wakinga na Wapangwa katika milima ya Livingstone, Wanyiha wa Mbozi, na jirani zao Wafipa, waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa muda mrefu kabla majembe ya ng'ambo hayajajaa madukani. Tanuru za Wafipa zilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu, nazo zilivuta hewa zenyewe pasipo mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa mara ya pili katika tanuru dogo lenye mivukuto. Majembe yaliyofuliwa yaliuzwa mbali, na yalitumika hata katika kutoa mahari. Lakini chuma kile kwa kawaida kilikuwa laini, na kaboni yake haikuwa sawa kila mahali. Kwa hiyo wahunzi wengi wa kale walikaza makali kwa kuyapiga nyundo, wala hawakutegemea kukizamisha chuma chekundu majini. Swali letu la leo halikuwasumbua sana. Limetujia pamoja na springi za malori.

Springi bapa ya lori ndicho chuma kinachotumiwa na wahunzi wetu walio wengi, nao wamechagua vema. Kaboni yake ni kadiri ya 0.6 kwa mia, yaani katika kilo 100 za chuma hicho mna kaboni kama gramu 600. Hiyo ndogo ndiyo ikifanyayo chuma kikubali kugumishwa. Nondo za kujengea kwa kawaida hazina kaboni ya kutosha, na kisu cha nondo hata kikisagwa kwa ustadi gani hakitashika makali ya kupogolea. Mjumbe anayenunua visu yafaa aulize kwanza kisu kimetoka katika chuma gani.

Sasa tutazame moto hufanya nini. Chuma cha springi kikipashwa mpaka kiwe chekundu, kisha kikafukiwa katika majivu kipoe polepole, huwa laini, na tupa hukila bila taabu. Kikipashwa tena mpaka kadiri ya digrii 830 hadi 850, kikatumbukizwa ghafla katika mafuta yenye uvuguvugu, huwa kigumu sana, na tupa huteleza juu yake kama juu ya chupa. Huko ndiko kugumisha. Mhunzi asiye na kipimo hutumia sumaku: chuma kikifika karibu digrii 770 sumaku haikishiki tena, naye hukiongeza moto kidogo kupita hapo, akitazama rangi yake kivulini wala si juani. Lakini kisu kilichogumishwa tu hakifai kutumika, kwa kuwa kikianguka juu ya jiwe huweza kuvunjika. Hapana budi kipashwe mara ya tatu, moto mdogo wa digrii 200 hadi 250, ili ugumu upungue kidogo na uimara uingie. Huko twakuita kutuliza. Kisu cha kupogolea hutulizwa mpaka chuma kilichong'arishwa kipate rangi ya nyasi kavu. Panga, kwa kuwa hupigwa kwa nguvu, hutulizwa zaidi ya hapo.

Tumeweka juu ya meza hii visu vitatu, na baada ya hotuba kila mjumbe aje avishike. Wenyewe hatutawataja, maana hatukuja kumwaibisha mtu.

Kisu cha kwanza kilisagwa chote kingali laini, mpaka ukingo ukawa mwembamba kama wembe, ndipo kikagumishwa. Tazameni ukingo wake: umepinda kama wimbi, na karibu na ncha pana ufa mwembamba kama unywele. Sababu ni wazi. Ukingo mwembamba hupata moto upesi kuliko mgongo, na ukitumbukizwa hupoa upesi kuliko mgongo. Sehemu moja ya chuma hujikaza wakati nyingine bado imelegea, zikavutana, nacho kisu hujipinda ama hupasuka. Tena bapa moja lilisagwa zaidi ya jingine, na kisu kisicho sawa pande mbili huelekea kujipinda. Liko na jambo la tatu lisiloonekana kwa macho. Moto wa makaa huiunguza ngozi ya nje ya chuma na kuinyang'anya kaboni yake. Ngozi hiyo ni nyembamba, mfano wa ganda la kiazi kilichochomwa. Katika kisu kinene haina madhara, maana huondolewa baadaye kwa kusagwa. Lakini ukingo uliokwisha nolewa ni ngozi tupu, hauna nyama ndani. Mwenye kisu hiki alikuwa akikata kwa ganda.

Kisu cha pili kilifuliwa, kikagumishwa na kutulizwa sawasawa kikiwa bado kinene, kisha chote kikasagwa baadaye kwa mashine ya umeme, pasipo maji. Ukingo wake una rangi ya samawati kutoka katikati mpaka ncha. Rangi hiyo haikupakwa. Chuma kilichong'arishwa kikipashwa hubadili rangi kwa utaratibu usiokosea sana: kwenye digrii 220 huwa rangi ya nyasi kavu, kwenye 260 huwa kahawia, kwenye 280 zambarau, na kwenye 300 samawati. Kisu hiki kilichotulizwa kwa nyasi kavu kilifikishwa kwenye samawati na jiwe lenyewe, bila mhunzi kukusudia. Ugumu wake umekwenda. Fundi aweza kuifuta rangi ile kwa msasa mpaka kisu king'ae, lakini kuifuta rangi si kuurudisha ugumu. Hapo hapana dawa ila kusaga mpaka sehemu iliyolegea iishe, au kurudia kugumisha tangu mwanzo.

Jambo hili hutokea upesi ajabu. Ukingo ukiwa mwembamba, joto la msuguano halina pa kukimbilia, na sekunde moja au mbili zatosha kulifikisha kwenye samawati. Ndiyo sababu wanachama husema kisu kilikufa chenyewe. Hakikufa chenyewe, kilichomwa. Na hapa twaomba wajumbe wasikilize kwa makini, kwa kuwa hukumu ya Bodi yategemea neno hili: kisu cha dukani kikipelekwa kwenye mashine ile ile kavu, kitakufa kifo kile kile. Tukibadili muuzaji tusibadili namna ya kunoa, tutakuwa tumetumia fedha nyingi zaidi kununua ugonjwa ule ule.

Kisu cha tatu ndicho tunachokisifu. Mhunzi wake alikifua karibu na umbo lake. Akakilainisha katika majivu, kisha akakisaga kwa tupa kingali laini, bapa zote mbili sawasawa, mpaka ukingo ukabaki na unene wa kadiri ya milimita 1 hadi 1 na nusu. Hakuuondoa unene huo. Mikwaruzo iliyopita kuvuka bapa aliifuta kwa kusugua kufuata urefu wa kisu, kwa maana mkwaruzo wa kuvuka huweza kuwa mwanzo wa ufa kisu kinapotumbukizwa. Ndipo akakigumisha, akakisugua sehemu moja ing'ae apate kuona rangi, akakituliza. Mwisho akakisaga tena, polepole, juu ya jiwe lenye maji, akiondoa ganda lililounguzwa na ule unene uliobaki, mpaka makali yakapatikana katika chuma kizima.

Basi hiyo ndiyo jawabu yetu. Kazi kubwa ya kusaga na ifanywe kabla, kwa kuwa chuma laini ni rahisi kukichonga, tupa haichakai, na joto la kusaga halina cha kuharibu. Wahenga walikwisha sema, udongo uwahi ungali maji. Lakini makali yenyewe na yatolewe baada, kwa maji na kwa subira. Anayesaga yote kabla humpa moto kisu kisichoweza kuuvumilia. Anayesaga yote baada hutumia mawe mengi, jasho jingi, na hukiweka kisu katika hatari ya kuchomwa kwa muda mrefu pasipo sababu.

Wala hatusemi jambo geni ulimwenguni. Huko Sheffield, mji wa Uingereza uliojulikana kwa visu kwa karne nyingi, kisu kilifuliwa karibu na umbo lake, kikagumishwa na kutulizwa, ndipo kikapelekwa kwa msagaji, aliyekisaga juu ya gurudumu kubwa la mawe lililozunguka ndani ya maji. Huko Japani, mfua panga hulichonga panga lake kwa tupa kabla ya kulizamisha, na baada ya hapo fundi mwingine hulisugua kwa mawe na maji kwa siku nyingi. Nchi hizo ziko mbali, lakini utaratibu ni mmoja: umbo kabla, makali baada, na maji karibu.

Na kutoka Sheffield twapata onyo jingine. Wasagaji waliosaga pasipo maji katika karne ya 19 walivuta vumbi la mawe na la chuma, na wengi walikufa vijana kwa ugonjwa wa mapafu. Vijana wetu leo hutumia mashine ya kusagia inayoshikwa mkononi, waiitayo grainda, mara nyingi bila miwani wala kitambaa cha kuziba pua. Cheche moja yatosha kupofusha jicho, na diski iliyopasuka hurushwa kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo maji hukilinda kisu, na pia humlinda anayekisaga.

Ndugu wanachama, baada ya kueleza hayo, tunaleta mbele yenu mambo manne tutakayoyapeleka kwa Bodi.

La kwanza, Chama kiendelee kununua visu kwa wahunzi wetu, lakini kwa masharti yaliyoandikwa: chuma kiwe cha springi, umbo lisagwe kabla, makali yatolewe baada kwa jiwe la maji, na kila mhunzi apige alama yake kwenye kisu. Kisu chenye alama kina mahali pa kurudishwa. Cha dukani kikiharibika, hakuna wa kumwuliza. Tena fedha inayolipwa mhunzi wa kijijini hurudi kijijini, katika ada ya shule na katika hisa za Chama hiki hiki.

La pili, visu vipimwe kabla ya kulipwa. Kipimo cha tupa ni rahisi: tupa ikipitishwa karibu na ukingo, katika kisu kizuri huteleza au hushika kidogo sana, katika kisu laini huuma na kutoa unga. Kipimo cha pili ni kuulaza ukingo juu ya ufito mwembamba wa shaba na kuukandamiza taratibu. Ukingo mwema hunesa ukarudi. Uliolegea hunesa ukabaki umepinda. Usiotulizwa humeguka. Makarani wetu wasinunue kisu kwa kuwa king'aa. Kung'aa ni kazi ya msasa.

La tatu, kila chama cha msingi kiwe na jiwe la kunolea la kuzungushwa kwa mkono au kwa mguu, lenye kihori cha maji chini yake, liwekwe ghalani, na mwanachama anoe humo. Mahali ambapo hapana budi kutumia mashine ya umeme, sheria iwe moja: kisu kipitishwe mara moja tu, kisha kichovywe majini, na anayekishika aweke kidole wazi karibu na ukingo, mbali na jiwe. Kidole kikishindwa kuvumilia joto, kisu kitolewe. Joto linalokikataza kidole liko mbali sana na lile linaloharibu chuma, kwa hiyo mwenye kukisikiliza kidole chake hatachoma kisu.

La nne, tuombe msaada wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ili wahunzi wetu wapate mafunzo ya kupima joto na kutuliza chuma. Wahunzi wetu si wajinga. Wanaujua moto kuliko sisi tunaoshika kalamu. Wanachokosa ni vipimo, na wanunuzi wanaojua kutofautisha kazi njema na kazi mbaya. Mnunuzi asiyejua humlipa mhunzi mvivu sawasawa na mhunzi mwaminifu, na kwa kufanya hivyo humfundisha mwaminifu kuwa mvivu.

Wako wajumbe watakaosema kwamba jiwe la maji ni la polepole, na kwamba wakati wa kupogoa hapana nafasi ya kungoja. Twakubali ni la polepole. Lakini na tuhesabu pamoja. Kisu kilichonolewa upesi juu ya jiwe kavu hurudi kunolewa kesho, na keshokutwa, na kila mara hupungua ubapa, mpaka mwisho wa msimu hubaki mfano wa ufito. Kisu kilichonolewa kwa maji kina ugumu wake, na jioni huhitaji kinoo tu, mkono wa mwenyewe, na dakika chache kabla ya chakula. Upi basi ulio wa polepole?

Chama hiki kimetimiza miaka 10. Wengine watakipima kwa magari yake na kwa paa za maghala yake, nasi hatuvidharau vitu hivyo. Lakini mwanachama aliyeko shambani, kwenye ukungu wa Mufindi au juu ya miteremko ya Rungwe, hukipima kwa kile kilicho mkononi mwake alfajiri. Twaomba basi mkija hapa mezani mshike visu hivi vitatu, mpitishe tupa wenyewe, mjionee, ndipo mpige kura. Wahunzi watatu wamekubali kukaa karibu na meza mpaka jioni ili kujibu maswali yenu, na tunawashukuru kwa hilo.

Kwa maneno hayo, Ndugu Mwenyekiti, tunarudisha kikao mikononi mwako. Ushirika na udumu.